Jeneza Lililoshukia Kisongo

Saa tatu kamili asubuhi ya Ijumaa, Elinipendo alikuwa amesimama nje ya geti la mizigo la uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kanga nyeusi mabegani, picha ya mdogo wake kifuani. Ronald alipigwa picha ile mlimani, amevaa koti la bluu, anacheka, theluji ikionekana nyuma yake. Walikuwa wamekuja kumpokea. Magari matatu ya ndugu na majirani yalitoka kijijini kwao Masama kukiwa bado na ukungu, na baadhi ya wanakwaya walikuwa wameshashuka na kujipanga pembeni, wakingoja ndege itue waanze wimbo.

Ndege haikutua.

Ronald alikuwa mtoto wa mwisho kwao, mwenye umri wa miaka thelathini na moja. Alipandisha wageni mlimani kwa miaka minane, kisha mwaka jana akapata kazi katika kambi moja ya kitalii huko magharibi, ndani kabisa ya hifadhi, mahali ambapo simu hushika siku ikipenda. Jumanne, Elinipendo akiwa bandani anakamua, alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kwa jina la Mathew, msimamizi wa wafanyakazi wa kambi. Alisema Ronald ameugua homa kali kwa siku mbili na amefariki. Alisema kambi itashughulikia kila kitu, jeneza, vyeti na ndege. Mwili ungefika KIA siku ya Ijumaa, saa tatu. Neno hilo la KIA alilitaja mara mbili, kisha akamwomba Elinipendo alirudie, kama mwalimu anayemsomea mtoto imla.

Ilipofika saa tatu na nusu, dereva wao alichoka kusubiri akaenda kuulizia mwenyewe. Aliitwa Fikirini, mtu wa Pasua mwenye gari lake la Noah, la kijivu, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kutoka KIA hadi uwanja wa Arusha, kule Kisongo, na kuwarudisha. Alizoeana na Ronald kazini, mpaka ikawa kila Ramadhani Ronald lazima aende Pasua angalau siku moja kufuturu naye. Habari ya msiba ilipomfikia, hakungoja kuitwa.

Alirudi akitembea haraka.

"Mama Grace," alisema, kwani hivyo ndivyo alivyomwita Elinipendo, kwa jina la binti yake. "Hapa hawana habari ya mwili wowote leo. Bwana mmoja wa ofisini amenisaidia kuulizia kwenye redio. Ndege yenu imeshatua. Imetua Kisongo, saa mbili na nusu."

"Kisongo? Mbona yeye alisema hapa?"

"Ndiyo nashangaa na mimi."

Elinipendo alimpigia Mathew. Simu haikupatikana. Alipiga tena, na tena, sauti ile ile ya mwanamke ikamjibu kwa upole kwamba ajaribu baadaye.

"Ni mbali kiasi gani kutoka hapa?" aliuliza.

"Kilomita hazifiki sitini. Saa moja na robo, malori yakituhurumia. Tukinasa kwenye foleni, saa moja na nusu."

Akawaambia wenzake wabaki pale pale, isije ikawa wamepewa habari isiyo sahihi. Yeye na Fikirini wakaondoka peke yao.

Siku ile milima yote miwili ilikuwa imejifunika. Mawingu yalishuka hadi mashambani, na manyunyu yalikuwa yakilowesha kioo polepole. Fikirini hakuwasha redio. Walipita Kikatiti, wakapita Maji ya Chai, na Elinipendo, ambaye tangu Jumanne hakupata hata dakika ya kukaa na kufikiri, sasa alikuwa na muda wa kutosha. Homa kali kwa siku mbili, na hakuna aliyewapigia simu wakati mgonjwa yungali hai? Ronald alizoea kulala kwenye baridi ya mlimani na kushuka akipiga mluzi. Jumatano ya wiki iliyotangulia alimtumia ujumbe, na maneno yake hayakuwa ya mtu mgonjwa: "Dada, Desemba nakuja. Nipikie kiburu, nimechoka na tambi za wazungu." Tena yule Mathew, katika simu zake zote, hakuwahi kuuliza kama wazazi wa marehemu wako hai.

Walipokaribia Usa River, pikapu moja nyeupe ilichomoka nyuma ya lori upande wa pili, taa zikiwaka, ikawajia moja kwa moja. Fikirini aliikwepa kwa kutoka nje ya lami. Pikapu ilipita karibu sana, na Elinipendo aliona turubai la bluu lililofungwa kwa kamba nyuma, na mbele, kando ya dereva, mwanamume mwenye tai akiongea na simu.

"Huyu anawahi wapi na mvua hii," alisema Fikirini, akarudisha gari barabarani.

Walifika Kisongo saa tano kasoro dakika kumi. Nje ya uwanja watalii wenye kofia pana walikuwa wakipimiwa mabegi yao. Fikirini alikwenda moja kwa moja kwa mtu aliyemfahamu, mpakiaji mizigo mmoja mnene aitwaye Shakiru, akamvuta pembeni na kumleta kwa Elinipendo. Shakiru alivua kofia.

"Poleni sana, dada yangu. Lakini mmechelewa. Jeneza limeondoka hapa saa tatu na robo."

"Limeondoka na nani?"

"Alikuja nalo mzee mmoja mwenye tai, kwenye ndege hiyo hiyo. Pikapu nyeupe ilikuwa inamngoja. Wakalifunika turubai, wakaondoka."

Fikirini alifumba macho. "La bluu," alisema.

"La bluu. Mmeliona?"

Elinipendo alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa saruji, picha ya Ronald magotini. Walikuwa wamepishana na ndugu yao barabarani. Wamempisha wenyewe, wakaingia majanini ili apite.

"Nani aliyesaini?" aliuliza hatimaye.

"Yule yule wa tai. Kwenye daftari amejiandika kaka wa marehemu."

"Ronald hana kaka."

Shakiru aliikunja kofia yake, akaikunjua. Alimtazama Fikirini, kisha akatazama chini, na Elinipendo akaona kwamba kuna kitu mtu huyu anakimeza.

"Sema, kaka. Nimeshafiwa. Utaniambia nini kibaya zaidi ya hapo?"

"Dada, mimi nimeshusha majeneza mengi hapa. Unajua unavyojiandaa kubeba mtu mzima, unakaza mgongo. Mimi na mwenzangu tulishika, tukahesabu, tukainua. Tulipepesuka wote wawili. Lilikuwa jepesi. Halafu lilipoinama upande wangu, kitu kikaserereka ndani, kikagonga ubao. Ko!" Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Mwili haugongi hivyo."

Hapo simu ya Elinipendo iliita. Alikuwa Mathew, na sauti yake ilikuwa imetulia, laini, yenye huruma.

"Dada, mko wapi jamani? Sisi tumeshafika nyumbani. Kulitokea mabadiliko ya uwanja, nilikupigia sana hukupatikana."

"Niko Kisongo."

"Aisee. Basi mje taratibu tu, barabara inateleza. Baba yenu mdogo ametupokea vizuri. Mchungaji yuko tayari. Daktari wetu ameagiza sanduku lisifunguliwe kabisa, homa ile inaambukiza, na azikwe mapema iwezekanavyo. Nimewaeleza wazee, wamenielewa."

"Ratiba ya mazishi ni saa nane. Mtanisubiri mimi."

"Na mimi nina ndege ya kurudi, dada yangu," alisema Mathew, akakata.

Alimpigia baba mdogo Yoramu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo tangu baba yao afariki. Hata Elinipendo alipomsalimia kwa shikamoo, mzee yule aliitikia kama mtu anayefunga mlango.

"Baba mdogo, nakuomba, msizike mpaka nifike. Kuna jambo."

"Jambo gani? Karatasi ninayo mkononi, ina muhuri. Imeandikwa ugonjwa wa kuambukiza. Watu wamejaa hapa, na watoto wao. Unataka tumfungue mtoto mbele za watu waanze kuugua?"

"Uliwahi kumwona huyo Mathew kabla ya leo?"

"Amemleta mtoto wetu nyumbani. Wewe ulikwenda kumpokea, ukakosa hata uwanja." Sauti yake ililegea kidogo. "Mwanangu, una uchungu, najua. Tunaomba sala, tunazika. Nusu saa."

Simu ikakatika. Fikirini alikuwa ameshawasha gari, mlango uko wazi, wakati Elinipendo alipopiga namba ya mwisho. Mama Beatrice, mama yao, alikuwa na umri wa miaka themanini na mbili na simu ndogo ya vitufe aliyoiweka mfukoni mwa aproni, pamoja na leso. Ililia kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Amefika. Wamemweka uani."

"Umemgusa?"

"Wamenikataza."

"Mama, nisikilize. Nenda ukalie lile sanduku."

"Nikalie nini?"

"Panda ukae juu yake. Usishuke mpaka nifike mimi. Baba mdogo akikuomba usishuke. Mchungaji akikuomba usishuke." Alisikia kwaya kwa mbali, na jogoo, na mama yake akipumua. "Mama, sidhani kama Ronald yumo."

Bibi kizee hakulia wala hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Uko umbali gani?"

Elinipendo alimtazama Fikirini. Fikirini aliinua vidole viwili.

"Saa mbili, Mama."

"Njoo," alisema mama yake.

Saa mbili zile Elinipendo hakuzisahau. Fikirini aliendesha ameinamia usukani hadi Tengeru. Hapo lori la mchanga lilikuwa limeziba njia, na walikaa dakika kumi na mbili wakitazama utingo wake akihangaika na tairi. Elinipendo alimpigia mama yake. Simu iliita, haikupokelewa. Alimpigia Yoramu, nayo haikupokelewa. Aliwaza jinsi watu wawili wenye nguvu wanavyoweza kumshika mwanamke wa miaka themanini na mbili makwapani na kumwinua, tena kwa adabu, wakimwita bibi, na kumkalisha kwenye kiti. Isingewachukua hata dakika moja. Walipita njia panda ya KIA bila kusimama. Aliwapigia wenzake wa yale magari mawili yaliyobaki pale, akawaambia warudi nyumbani haraka, bila kuwaeleza sababu. Walipoiacha barabara kuu pale Kwa Sadala na kuanza kupanda, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na Fikirini aliwasha taa mchana.

"Mama Grace," alisema, "nikifika nitaliegesha gari getini kwa kukingama. Asitoke mtu."

Saa saba na dakika kumi waliingia. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotazamia, lakini hapakuwa na sauti. Walisimama kuzunguka ua, miavuli juu, kama watu wanaotazama ajali. Katikati, juu ya viti viwili, kulikuwa na jeneza la mbao nyekundu iliyong'arishwa, na juu ya jeneza alikaa Mama Beatrice. Miguu yake haikugusa ardhi. Mgongo ulikuwa umenyooka, bakora imelazwa mapajani, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa chapachapa, kwa sababu aliwafukuza wote waliotaka kumfunika kwa mwavuli. Nyuma yake, kati ya mibuni, kaburi lilikuwa wazi na udongo wake umeanza kuwa tope.

"Amekataa kushuka," alisema Yoramu, akimjia Elinipendo, jasho na mvua usoni. "Mmenidhalilisha, wewe na mama yako. Saa mbili! Mchungaji amepiga magoti kumbembeleza!"

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Elinipendo, akampita.

Mathew alikuwa amesimama karibu na pikapu yake, mtu mrefu, tai yake bado imekaa sawa. Aliliona gari la Fikirini limekingama getini.

Elinipendo aliomba bisibisi. Wanaume walitazamana, wengine walirudi nyuma wakiziba pua kwa leso. Fikirini alileta yake kutoka kwenye Noah, na alipotaka kuanza kufungua, Elinipendo aliichukua mkononi mwake. Alimshusha mama yake kwanza. Bibi alisimama akiwa ameshikilia ukingo wa jeneza, asiuachie.

Skrubu zilikuwa nane. Ya tano ilikuwa imeliwa kichwa, na ilimbidi aikandamize kwa uzito wake wote. Watu walisikia jinsi anavyohema. Kisha yeye na Fikirini walishika kifuniko, wakakiinua.

Hapakuwa na harufu yoyote, isipokuwa ya rangi ya mbao. Ndani kulikuwa na godoro jembamba lililokunjwa na kufungwa kamba, na juu yake koti la bluu limetandazwa vizuri, mikono imekunjwa kifuani. Chini, upande wa miguu, kulikuwa na jozi ya viatu na mawe matatu yaliyoviringishwa kwenye blanketi. Blanketi lilikuwa limefunguka njiani.

Mwanamke mmoja wa kwaya alipiga yowe, na wengine wakamfuata. Yoramu alisogea, akachungulia, akanyoosha mkono na kuligusa koti kana kwamba huenda kuna mtu chini yake. Kisha alikaa kwenye rundo la udongo wa kaburi, na suti yake nyeusi, akaishika ile karatasi yenye muhuri kwa mikono miwili bila kuisoma.

Mathew hakukimbia. Labda alijua asingefika mbali, mgeni mwenye viatu vya ofisini kwenye vijia vya Masama. Vijana walipomsogelea, Elinipendo aliwazuia.

"Mwacheni aseme kwanza," alisema. "Yuko wapi?"

Mathew alifungua tai yake, kama mtu anayekabwa. Alieleza akitazama chini. Alhamisi ya wiki iliyopita mgeni mmoja wa kambi alirusha droni yake kupiga picha za tembo, jambo lililokatazwa hifadhini bila kibali. Droni ikaanguka ng'ambo ya mto. Mwenye kambi akaogopa askari wa hifadhi wasije wakaiokota, kibali chake cha biashara kikafutwa, akamtuma Ronald akaitafute kwa miguu, peke yake, asubuhi ile ile. Ronald hakurudi. Walimtafuta wenyewe kwa siku moja na nusu. Askari hawakuarifiwa, maana wangeuliza alikwenda kutafuta nini.

"Bosi alisema huku porini mtu akipotea siku mbili amekwisha," alisema Mathew. "Alisema familia ikizika, inatulia. Mimi nina watoto, dada. Nilitumwa."

"Ulinipigia Jumanne," alisema Elinipendo. "Siku hiyo ya Jumanne, wakati unaniambia amekufa kwa homa, mdogo wangu alikuwa amekufa?"

Mathew alianza kuizungusha tai yake mkononi.

"Nakuuliza."

"Sijui, dada," alisema. "Hatukujua."

Mama Beatrice ndiye aliyetoa sauti wakati huo, sauti ndogo, ya chini, na Elinipendo alimshika kabla hajaanguka.

Polisi walimchukua Mathew alasiri ile, na siku iliyofuata mwenye kambi naye alikamatwa akiwa njiani kuelekea mpakani. Kesi yao bado inaendelea. Kaburi halikufukiwa. Wanaume walilifunika kwa mbao na mabati, na Yoramu mwenyewe alileta kiti akakaa kando yake hadi giza lilipoingia.

Askari wa hifadhi walianza kutafuta Jumamosi alfajiri. Jumatatu walipiga simu wakaomba ndugu mmoja aende.

Fikirini alimpeleka Elinipendo Kisongo, akasimama kwenye uzio mpaka ndege ikaingia mawinguni. Elinipendo hakuwahi kupanda ndege maishani. Alikaa nyuma ya rubani, mikono kati ya magoti, na alipouliza ni mwendo wa muda gani, aliambiwa ni saa moja na dakika hamsini. Hakutazama chini hata mara moja.

Kwenye kiwanja cha vumbi, kando ya kambi, alipokelewa na askari wa kike aitwaye Evelyn, mwenye umri karibu sawa na wa Ronald. Evelyn alimshika mkono na hakumzungusha kwa maneno.

"Tumempata jana jioni, dada. Yuko ndani ya korongo. Aliteleza, mguu ukavunjika. Alijifunga mwenyewe kwa vijiti na mkanda wa suruali, amejifunga vizuri sana."

"Kwa hiyo aliishi."

Evelyn alimwonyesha vichaka upande wa korongo. "Alikuwa anachimba mchanga kutafuta maji. Amechimba mashimo mengi. Mtu hawezi kuchimba yote yale kwa siku moja, wala kwa siku mbili."

"Na kutoka kambini ni mbali?"

"Kilomita nne."

Gari la askari lilikuwa linawangoja, dereva yuko ndani. Elinipendo alilitazama, kisha akatazama vichaka upande ule alioonyeshwa. Alisema anataka kuanzia kambini, kwa miguu. Evelyn aliangalia viatu vyake vya kanisani. Alichukua bunduki yake na chupa mbili za maji, akatangulia.

Walitembea bila kusimama, taratibu, kwa mwendo wa mwanamke asiyezoea pori, na hadi kufika kwenye korongo alimolala Ronald hawakutumia hata saa moja na nusu.